Kwaresima Ambayo Baba Hakupokea

Wifi yangu, mke wa kaka, anayekaa na baba kijijini, ni mtu wa kubipu. Ukiona simu yake inaita mpaka inakatika yenyewe, ujue kuna mgonjwa au kuna msiba. Siku hiyo nilikuwa nyumbani kwangu Mtanda, Lindi mjini, nasahihisha mitihani ya kidato cha nne, simu ikaita, nikaitazama tu. Niliogopa. Nilipoipokea wifi hata salamu hakutoa. Alisema, "Wifi, baba haumwi. Lakini baba hapokei."

Kwetu Wakatoliki neno hilo likisemwa hivyo, bila kutaja kinachopokelewa, ni komunyo, mkate mtakatifu wa misa. Na baba yangu si muumini wa benchi la nyuma. Ni katekista. Kigango chetu, kanisa dogo la kijijini, kiko ndani huko, ukifika Kitomanga unaacha lami unaingia porini, na padre anatufikia mara moja kwa mwezi, akijaliwa gari na barabara. Jumapili nyingine zote ni baba anayeongoza sala na kufundisha watoto, na amekuwa hivyo tangu mimi sijazaliwa. Sasa eti padre kaja, watu wamepanga foleni, katekista kabaki kwenye kiti chake kainamisha kichwa. Mara ya kwanza watu walisema labda kajisahau kanywa chai kabla ya misa, maana anayepokea hufunga kwanza. Mwezi uliofuata padre akaja tena, baba akabaki tena.

"Watu wanasemaje?" nikauliza.

"Wanasema ana mwanamke."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Baba kavuka sabini, mama alishatangulia siku nyingi, na magoti yake yanalia akiinuka. Lakini wifi hakucheka. Alisema kijiji kizima kinamtafuta huyo mwanamke, mmoja ameshatajwa, na huyo aliyetajwa sasa anapita njia ya mbali kwenda kisimani ili asipite uani kwetu.

"Si mwanamke," wifi akasema. "Ni ule mfupa."

Hapo nikaweka kalamu chini.

Sisi tumezaliwa upande wa kilima cha Tendaguru. Kule masika yakipiga sawasawa udongo unachujika, mtu anapalilia ufuta wake, jembe linagonga kitu, anainama, anakuta mfupa uliogeuka jiwe. Wakati wa Mjerumani ilichimbwa mingi sana ikabebwa vichwani mpaka Lindi, ikapakiwa melini. Babu yake baba alikuwa mmoja wa wabebaji, na kwetu hilo linasimuliwa kwa maringo, kama vile alibebeshwa kwa kupenda. Lakini mifupa haikuisha. Mmoja ulikuwa kwenye kona ya kigango chetu, umeegeshwa ukutani karibu na ngoma, urefu wake unafika kiunoni kwa mtu mzima. Mwenye nao alikuwa baba, na baba alikuwa na maelezo yake. Ule ulikuwa mfupa wa jitu lililokufa kwenye gharika ya Nuhu.

Kila mwaka somo la gharika likifika, mfupa ulitolewa nje ukalazwa mchangani. Watoto tulipanga mstari, mmoja mmoja anakaa chini ananyoosha mguu wake pembeni ya mfupa, tunapimana. Baba alikuwa anasema, "Tazama paja lako. Sasa tazama paja la huyu. Alikuwa mkubwa hivi, akamdharau Mungu, na maji yakampata." Hata watoto wa Kiislamu walikuja kuchungulia, maana Nuhu ni wetu sote. Mimi pia nilinyoosha mguu wangu. Nakumbuka ubaridi wa lile jiwe kwenye goti na jinsi nilivyoamini. Sijapata kuamini kitu kwa mwili mzima namna ile, mpaka leo.

Halafu nikaenda chuo kusomea ualimu wa baiolojia, na mambo yakawa mengine. Likizo ya kwanza nilirudi na maneno mengi mdomoni. Nikamwambia baba kwamba ule ni mguu wa mnyama, jamii ya mijusi wakubwa waliokwisha duniani mamilioni ya miaka kabla hajatokea mtu wa kumdharau Mungu. Baba akanitazama, akasema chuo kimenipa njaa ya kubishana. Mama akaingia na ugali na mbaazi, tukanawa mikono. Habari ile haikuzungumzwa tena nyumbani kwetu.

Sasa wifi ananiambia kaja kijana kutoka chuo fulani cha mbali, kavaa kofia ya jua, anazunguka kwa wazee kuuliza mifupa inapoonekana. Kafikishwa kigangoni. Kauona mfupa. Kakaa na baba tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kamwonyesha picha kwenye simu, kamweleza. Na baba kaamini.

Loo, nilipandwa na hasira. Mimi mwanawe wa kumzaa nilisema yale yale nikaonekana mbishi, anakuja mgeni na kofia anaaminiwa asubuhi moja! Nilikata simu nikarudi kwenye mitihani, na nadhani siku hiyo kuna mtoto wa watu nilimnyima alama bila sababu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda. Kitomanga nilishuka nikachukua bodaboda, nikamkuta baba shambani anapalilia ufuta.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja, au umeitwa?"

"Nimeitwa."

"Basi chukua jembe."

Tukapalilia. Baba hasemeshwi akiwa na jembe mkononi, lazima yeye aanze. Tulifika mwisho wa mstari, tukageuka, tukarudi, ndipo akaanza.

"Nimewadanganya watoto," akasema. "Watoto wa watu, na watoto wa wale watoto. Nimewakalisha mchangani nikawaonyesha kwa kidole kitu ambacho sicho. Halafu niende pale mbele nifumbue mdomo nipokee? Kwa mdomo huo huo?"

"Baba, hukudanganya. Ulikosea."

"Kwa mtoto tofauti yake nini?"

Mimi nikibanwa huwa nakuwa mkali. Nikamwambia, "Lakini mimi nilikwambia. Nilikwambia siku nyingi, hukunisikiliza."

"Wewe ulikuja kushindana," akasema, wala hakupandisha sauti. "Yule kijana alikuja kuuliza. Alipouona alipiga magoti, akaufuta vumbi kwa kiganja chake. Mimi nimekaa na mfupa ule maisha yangu yote na sijawahi kuufuta vumbi hivyo. Nikajua huyu hana sababu ya kunidanganya."

Yale maneno yaliniuma, na yananiuma bado. Lakini hakuwa amemaliza. Aliegemea mpini wa jembe, akaniambia lililokuwa likimla hasa. Alisema, "Mwanangu, ule mfupa niliushika. Nilioushika kwa mikono yangu nimeukosea. Je, yale ambayo sikuyashika?"

Hapo nikamwaga yote niliyokuwa nayo. Nilimwambia siku sita za Biblia si lazima ziwe siku za kuhesabu kwa jua, kwani jua lenyewe halikutajwa mpaka siku ya nne, sasa hizo tatu za mwanzo zilipimwa na nini? Nikamwambia walioandika hawakuwa wanaandika kitabu cha baiolojia, walikuwa wanasema nani aliumba, hawakusema aliumba kwa namna gani. Nikamwambia Kanisa lenyewe halimkatazi mtu kukubali kwamba dunia ni ya zamani sana. Nilisema vizuri, mimi ni mwalimu, kusema ndiyo kazi yangu. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe unayaamini hayo?"

"Ndiyo, wasomi wengi wa Kanisa wana..."

"Nimekuuliza wewe."

"Naamini," nikasema upesi.

Alinitazama kidogo, akainama akaendelea kupalilia. Tulipokuwa tunarudi nyumbani akaniambia kwamba Jumatatu ya Pasaka padre anakuja kuwapa watoto komunyo ya kwanza, na desturi yetu ni kwamba katekista husimama mbele ya watu wote, anawauliza watoto maswali ya dini, halafu anamthibitishia padre kwamba wako tayari. "Sitasimama," akasema. "Nitathibitisha nini? Nimeshamwambia mwenyekiti wa kigango atafute mtu mwingine." Lakini mtu mwingine wa kuwathibitisha watoto ambao hakuwafundisha hayupo. Watoto wale wangerudishwa mpaka mwaka mwingine, na mama zao walikuwa wameshashona nguo nyeupe.

Nilirudi Mtanda na lile "naamini" langu la upesi likinifuata njia nzima.

Nieleze jinsi ninavyofundisha, maana hapa ndipo pangu pa aibu na nadhani si pangu peke yangu. Kidato cha nne kuna mada ya mageuko ya viumbe. Darasa langu ni mchanganyiko, Waislamu ndio wengi, na mada hii ikifika darasa lote huwa dini moja. Wananitazama kwa jicho la kunionea huruma. Nami nimejizoesha neno la kuwatuliza: "Hii ni ya mtihani. Andikeni inavyotakiwa mpate alama. Ya moyoni kila mtu abaki nayo." Wanacheka, wanatulia, tunaendelea. Mwenzangu anayefundisha maarifa ya Uislamu aliniambia hata yeye huwaambia hivyo hivyo, baiolojia waiache kwa mwalimu wa baiolojia. Tunaelewana sana yeye na mimi, hatujawahi kugombana, kwa sababu hakuna kati yetu aliyewahi kulifungua lile jambo lenyewe.

Wiki ile mada ilikuwa imefika. Nilisimama ubaoni nikachora mifupa ya mkono wa mtu, bawa la popo, pezi la nyangumi, nikaonyesha jinsi inavyofanana. Nikasema neno langu la siku zote. Wakacheka kama siku zote. Msichana mmoja wa mbele hakucheka, akaandika lile neno kwenye daftari lake kama sehemu ya somo. Nilimwona anaandika: ya mtihani. Nikamwona baba na jembe lake. Sijui nilimalizaje kipindi kile.

Baada ya hapo sikutulia. Namenya mihogo, nabishana na nafsi yangu. Natembea kwenda shuleni, nabishana, mpaka jirani yangu akaniuliza kama nimeanza kuongea na simu isiyoonekana. Siku sita hazikunisumbua, hizo nilishazivuka zamani. Kilichonisumbua kilikuwa kifo. Mimi nimefundishwa, na baba ndiye aliyenifundisha, kwamba kifo kiliingia duniani kwa sababu ya dhambi ya watu wa kwanza. Sawa. Lakini ule mfupa ni wa mnyama aliyekufa, na alikufa kabla ya mtu yeyote. Na wenzake walikufa, na walikuwepo wenye meno ya kula wenzao, vizazi kwa vizazi, wanaumwa, wanakimbizwa, wanazama kwenye tope. Nani alikuwa amekosa? Wanalipia dhambi ya nani? Hilo sikuwahi kumwambia mtu. Nilikuwa nalo tangu chuo, na kila Jumapili nilipanga foleni nikapokea, mikono imekunjwa vizuri, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza na mimi sikutaka kujiuliza. Sasa mzee wa watu, aliyekosea kwa moyo safi, amekaa benchi mwenyewe kajihukumu, na mimi ninayejua nakwenda mbele kila wiki. Nilimkasirikia kwa hilo. Nasema kweli, nilimkasirikia baba yangu kwa kuwa mwaminifu kunizidi.

Nilimpigia padre anayefika kigangoni kwetu. Ni kijana, mchangamfu, ana kicheko cha karibu. Alisema, "Mwalimu, mwambie mzee hiyo si dhambi hata kidogo. Ni kosa la kutojua. Kanisa halina ugomvi na mifupa." Alijibu vizuri, na kwa haki hakuna alichokosea. Lakini alijibu haraka mno, kama ninavyojibu mimi darasani.

Nilimfikishia baba kwa simu ya wifi. Akasema, "Yeye ananiondolea kosa mimi. Watoto nani atawaondolea?"

Shule zilipofunga kwa Pasaka nilikwenda nyumbani Alhamisi Kuu. Nilimkuta mwenyekiti wa kigango barazani, anamsihi baba. Mwenyekiti ni mtu mzima mwenye busara zake, mkulima wa korosho, rika la kaka yangu. Alikuwa ameshajua kwamba hakuna mwanamke, na nadhani kwake mwanamke angekuwa nafuu, maana hilo lina dawa yake inayojulikana: kitubio, basi. Alikuwa anasema, "Mzee, huu mfupa tuutoe tuupeleke kwa hao wa chuo, tunyamaze. Nani atauliza? Lakini katekista akisimama akasema alikosea, watoto watashika nini tena? Leo jitu, kesho Nuhu, keshokutwa Yesu mwenyewe."

Nilitaka kumjibu, baba akaninyamazisha kwa mkono.

"Umesema vizuri," akamwambia. "Hicho hicho ndicho ninachokiogopa. Nimekiogopa tangu yule kijana alipoondoka. Lakini nikinyamaza, mmoja wao atakwenda shule kubwa kama huyu wangu, ataambiwa na wengine. Siku hiyo hatasema katekista alikosea. Atasema katekista alijua akatuficha. Hapo ndipo atamwacha hata Yesu."

Mwenyekiti aliaga bila kukubali. Baba akanigeukia mimi. "Nitasimama Jumatatu. Ila kabla sijawauliza maswali nitawaambia. Na wewe utakuwa karibu, maana mimi nitawanyang'anya kitu, na mtoto ukimnyang'anya kitu lazima umpe kingine mkononi. Mimi sina. Wewe ndiye unayemjua huyo mnyama."

"Kanisani, baba?"

"Kwani darasani unasema nini ambacho hakiwezi kusemwa kanisani?"

Siku zile za katikati sikula vizuri. Wifi alipika ming'oko, vile viazi vya porini, chakula nikipendacho kuliko vyote, nikala nusu. Ijumaa Kuu na Jumamosi nzima nilizunguka zunguka uani natafuta maneno. Kila nikiyapanga ya baiolojia yanakuja mepesi, halafu nafika pale pa kifo, yanakatika.

Jumatatu padre alifika mapema, gari limejaa tope hadi kwenye vioo. Kigango kilijaa, na madirishani walisimama majirani zetu Waislamu waliokuja kutazama watoto wakipokea kwa mara ya kwanza, ndivyo tunavyoishi kule. Watoto wamekaa mbele na nguo zao nyeupe. Baba akamnong'oneza padre, padre akaitikia kwa kichwa. Baba akasimama, na magoti yakalia, nikayasikia kutoka nilipokaa.

Alisema kwa Kiswahili, halafu akarudia kwa Kimwera ili mabibi wasikose hata neno. "Mnaukumbuka ule mfupa. Niliwaambia ni wa jitu la gharika. Nilikosea. Sikujua, nikasema kama ninayejua. Si mfupa wa mtu. Naomba mnisamehe, ninyi, na wazazi wenu niliowafundisha kabla yenu."

Mtoto mmoja wa kiume akauliza, kwa sababu watoto wale wamefundishwa kuuliza na kujibu, "Sasa Nuhu je?"

"Sijui," baba akasema.

Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia baba akisema neno lile mbele ya watu. Dini aliyotufundisha ni ya maswali na majibu, swali moja jibu moja, unaliimba mpaka linakaa. Niliwaona wazee wanatazamana. Mwenyekiti alikuwa amefunika uso kwa kiganja.

"Nuhu nimemwamini kwa sababu ya Neno, sikumwamini kwa sababu ya mfupa," baba akaendelea, "ila ilivyokuwa hasa, maji yalifika wapi, sijui. Ninachojua ni kwamba niliongeza ushahidi wangu pale ambapo sikuombwa." Akaninyooshea mkono. "Huyu mwalimu atawaambia mnyama huyu alikuwa nani."

Nikaenda mbele. Niliwaambia shingo yake ilivyokuwa ndefu, kwamba angesimama nje angekula majani juu ya paa la kigango bila kunyanyuka. Nikawaambia hakuwa mbaya, hakumdharau mtu, alikuwa mla majani. Hapo walitabasamu. Nikawaambia alikufa zamani mno, wakati hakuna mtu hata mmoja duniani.

Msichana mmoja mdogo, nywele zimesukwa mpya mpaka macho yamevutika, akanyoosha mkono. "Kama watu hawakuwepo, nani alimzika?"

Jamani. Kwake ilikuwa wazi kabisa: mfupa ulitolewa ardhini, kwa hiyo kuna aliyeuzika. Nikajibu kimwalimu, "Hakuzikwa. Mto ulifurika, maji yakaleta matope mengi, yakamfunika..."

"Gharika!" wakasema watoto kwa pamoja, na kanisa zima likaangua kicheko, padre wa kwanza. Hata madirishani walicheka.

"Si ile," baba akasema, naye anacheka, mara ya kwanza tangu nifike. "Msirudie kosa langu." Lakini yule msichana hakucheka. Alikuwa bado ananitazama mimi, anasubiri. Matope hayakuwa jibu la alichouliza. Aliuliza mnyama yule, peke yake namna ile, hana ndugu wala jirani, nani alimhangaikia. Lilikuwa swali langu, lile lile nililokaa nalo miaka yote.

Baba akamwona. Akamsogelea, akainama mpaka wakalingana uso. Baba yangu ndiye aliyezika karibu kila mtu aliyekufa kwenye kigango kile, pamoja na mama yangu, na kila mtu mle ndani alilijua hilo. Akamwambia, "Aliyemuumba ndiye aliyemzika, mjukuu wangu. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumzika. Akamfunika vizuri, na mpaka leo hajampoteza."

Msichana akaridhika, akakunja mikono yake. Baba akanyooka, akawauliza maswali yao, wakajibu kwa sauti kubwa, akamgeukia padre akasema, "Baba, wako tayari. Nawathibitisha."

Misa ikaendelea. Ulipofika wakati wa komunyo watoto walitangulia, na nyuma yao baba, anavuta miguu, mikono mbele. Nilimwona akipokea. Nilimwona akifumba macho, nikalia bila kujificha.

Benchi letu likasimama. Wifi akanigusa bega nitoke. Nikampisha apite. Nilikuwa nimemwambia baba "naamini" shambani, upesi, ili nishinde, na jibu lake kwa yule mtoto lilikuwa limenigusa mpaka ndani, lakini sikujua bado kama nimeliamini au nimelipenda tu. Safari hii nilitaka nijue kwanza. Nikakaa. Watu walipita mbele ya magoti yangu, wengine wakinitazama usoni.

Baada ya misa watu walikwenda kwenye pilau. Baba akaja akakaa kando yangu kwenye benchi tupu.

"Hukupokea," akasema.

"Sikupokea."

Nilingoja aniulize sababu, au anikaripie, nilikuwa tayari kwa yote mawili. Hakuuliza. Aliuchukua mkono wangu akauweka kwenye goti lake.

"Basi kaa," akasema. "Lakini usikae sana, mwanangu. Mimi nimekaa huko, kuna njaa."